Kufungua Kishomari

Shomari, mtani wangu,

Mkono unatetemeka, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usidhani nimekunywa. Ungekuwepo ungesema mwandiko wangu sasa ni wa kuku anayetafuta mchwa. Zamani uliusifu. Ulikuwa ukisema Msukuma huyu akiandika orodha ya nati tu, utadhani cheti cha ndoa. Mwandiko huohuo ndio uliokumaliza, nami nimeamua kuutumia mara moja zaidi kabla haujanitoka kabisa.

Zimepita siku hamsini na tatu tangu wakuzike Maneromango. Sikuja. Niliwaambia wanangu kwamba miguu imevimba, na kweli imevimba. Daktari aliponieleza ugonjwa wa moyo wangu nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia: pampu imechoka, maji hayazunguki, yanatuama chini. Hakusema nimebakiza muda gani, nami sikumuuliza. Fundi hulijua kwa macho gari ambalo halitafika Chalinze. Lakini mtu mwenye miguu mibovu hubebwa akapelekwa msibani, hasa akiwa mtani. Mtani ndiye anayetakiwa afike kwa fujo, alizuie jeneza, amwige marehemu alivyotembea na alivyokohoa mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Nilijua nikifika watanisukuma mbele nikuige. Ningekuiga vipi? Miaka kumi na minane ya mwisho ulitembea umejifunika upande mmoja wa uso kwa kilemba, na aliyekufunika ni mimi.

Nimeshaiandika. Nilidhani kalamu ingekataa.

Gereji yetu ya Maili Moja haipo tena. Pale palipokuwa na shimo la kukagulia magari pamejengwa ukumbi wa sherehe, na maharusi wanacheza juu ya oili tuliyomwaga sisi. Treni ya umeme inapita Soga kwa kasi ambayo macho yangu hayaifuati. Malori ya siku hizi yana tenki la maji la plastiki, unaona kiwango bila kufungua kitu, na kompyuta inapiga kelele joto likizidi. Lakini mfuniko wa maji ya kupozea injini bado upo, na maji yaliyo nyuma ya mfuniko ni yaleyale tuliyoyajua. Yakibanwa hayachemki kwa joto la sufuria. Hupanda juu zaidi yakiwa yametulia kama maji ya kunywa, na mtu akiyafungulia ndipo yanapogeuka mvuke yote kwa pamoja.

Unakumbuka ulivyonifundisha mpira wa rejeta? Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na diploma na vitabu vya Kiingereza, nikapewa ukuu wa gereji. Wewe ulikuwa na darasa la saba na mikono yako. Wiki yangu ya kwanza nilisimama mbele ya lori lililochemka, nikisoma geji ya joto kama mtu anayesoma risala, nawe ukaja polepole ukifuta vidole. Ukaniambia, "Mkuu, hiyo sindano ukizima swichi inalala yenyewe, hata injini ikiwa jehanamu. Shika mpira."

Ukanionyesha ule mpira mnene wa juu, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Uguse kwanza kwa mgongo wa kidole. Kisha uukamate na kuubinya. Ukiwa mgumu kama paja la ng'ombe, ndani kuna presha, kaa mbali. Ukibinyika kama chapati ya jana, na kiganja kikitulia juu yake bila kuungua, ndipo uanze kuufikiria mfuniko. Na hata hapo uwe na kitambaa kinene, uso uweke pembeni, zungusha robo tu, usubiri rejeta ipumue. Na usimwamini dereva anayesema amezima muda mrefu. Injini ikizimwa joto halishuki papo hapo. Kwanza hupanda, kwa sababu pampu imesimama na maji yamekaa palepale penye moto. Vitabu vyangu vyote vilisema "subiri injini ipoe." Hakuna hata kimoja kilichosema lolote kuhusu kiganja.

Nilikupenda siku hiyo, ingawa nilikujibu kwa utani kwamba Mzaramo hawezi kuaminiwa na gari, maana akisikia ngoma huacha nati nusu. Ukasema afadhali hiyo kuliko Msukuma, ambaye akiona rejeta anataka kuipeleka mtoni ikanywe. Basi tukawa hivyo. Madereva walikuja kukuomba uwatolee thamostati, kile kilango cha kuzuia na kupitisha maji ya injini, wakidai ni kifaa cha nchi za baridi, nawe ukawajibu kwamba mtu akipaliwa humkati koo. Walileta madumu ya maji ya kisima yenye chumvi, ukayamwaga mbele yao ukawaambia waende wakatafute kulanti, maji ya dawa ya rejeta, wasikurudishie rejeta iliyoota kutu ndani kama sufuria ya mseja. Lori likichemka, ulisimama kati yake na yeyote mwenye ndoo. Ulisema mwenye homa kali hamwagiwi maji ya barafu, atapasuka. Na kweli tuliwahi kuona bloku ya injini iliyopasuka hivyo kwa jirani.

Na masikio yako. Ulikuwa ukifumba macho ukasikiliza pampu ya maji, ukasema beringi hii imebakiza safari mbili. Mimi sikuwahi kusikia chochote isipokuwa kelele.

Sasa nije kwenye neno.

Ile sheria ya watu wawili niliitunga mimi. Lori likija limechemka, mmoja anashika mpira, mwingine anapanda kwenye bampa na kitambaa chake. Wa kwenye mpira akiridhika anasema "Imepoa." Wa kwenye mfuniko anaitikia "Naam," ili ijulikane amesikia, ndipo anafungua. Niliiandika ukutani kwa rangi nyekundu: MFUNIKO HAUFUNGULIWI MPAKA NENO LISIKIKE. Na kwa sababu ya neno hilo nikawakataza vijana wote wasisalimiane kwa "poa" ndani ya uzio. Aliyeteleza aliosha vipuri kwa dizeli mpaka jioni. Wewe ulicheka sana. Ulisema katika gereji hii salamu imekuwa haramu kama kitimoto. Lakini ulifuata, na baada ya miaka mimi na wewe tulifupisha. Mimi kwenye mpira, "Poa." Wewe kule juu, "Naam." Kinywani mwangu neno hilo halikuwa na maana nyingine, kwa sababu niliidharau lugha ya vijiweni, na hakuna aliyejua hivyo kuliko wewe.

Siku ile lori la bluu liliingia saa tano asubuhi kutoka Morogoro. Dereva alisema sindano ilifika kwenye nyekundu alipopita Mlandizi, akalivuta hivyohivyo mpaka kwetu. Lilikuwa limezimwa dakika kumi, hazikuzidi. Ulipanda kwenye bampa. Mimi nikasimama ubavuni penye mpira. Mashine ya upepo ilikuwa inanguruma nyuma yetu. Simu yangu ikaita.

Alikuwa bosi mdogo, mtoto wa mwenye kampuni. Unamkumbuka. Alikuwa amerudi masomoni, hajatimiza miaka thelathini, akaniita "mzee wa enzi" mbele ya madereva, na mara mbili alikuwa amekwisha kuniuliza kwa tabasamu kama sijachoka. Nilimwogopa yule kijana, Shomari. Zaidi ya kumwogopa, nilitaka anione kwamba bado nimo. Simu niliishika kwa mkono wa kulia, na sikio la pili nikaliziba kwa mkono wa kushoto kwa sababu ya mashine. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kichwani mwangu. Mpira haukuguswa na mtu. Akasema gari litoke saa nane bila kukosa, sawa mzee? Nami, kwa sauti ya kumpendeza, kwa lugha yake yeye, nikasema, "Poa, bosi. Poa."

Ukafungua.

Sitaeleza mvuke. Ulikuwa ndani yake, unaujua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba ulipoanguka vijana walikimbia na maji safi ya bomba, wakakumwagia na kukumwagia kama wewe mwenyewe ulivyowafundisha, na mimi nilikuwa bado nimesimama palepale. Simu ilikuwa imeanguka chini. Ilikuwa ikisema, haloo? Mzee? Haloo?

Alasiri ile bosi mdogo alitaka maelezo kwenye daftari la ajali. Nilikaa mezani. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Fundi alifungua mfuniko bila kusubiri neno. Ajali imetokana na uzembe wa fundi.* Sikuandika kwa haraka. Nakumbuka nilifuta neno moja nikaliandika tena kwa sababu herufi ya kwanza ilikaa vibaya.

Siku ya tatu nilikuja wodini. Uso wako ulikuwa bandeji tupu, jicho moja tu linaonekana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Wewe uliniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. "Mtani, lile neno ulilisema, au masikio yangu yalinidanganya?"

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa mambo. Ningeweza kufukuzwa kazi, ningeweza kushtakiwa, lakini pangekuwa mwisho. Nikasema, "Sikulisema, mtani. Hukusikia vizuri."

Ukasema basi ni masikio. Halafu ukaniomba radhi kwa kuivunja sheria yangu. Wewe, uliyelala pale, uliniomba radhi, na mimi nikakujibu kwamba yamepita.

Walikuachisha kazi, ukarudi Maneromango na jicho moja. Nilikutembelea mara mbili mwaka ule, tukataniana kidogo, lakini hukuniangalia usoni na nilishukuru. Baadaye nikaacha kuja.

Kuna mabaya kuliko hayo, na yote niliyafanya nikiwa na nguvu zangu, siwezi kusingizia uzee. Nilipostaafu, chuo kimoja cha madereva hapa Kibaha kiliniita nifundishe somo la kupoza injini. Nilifundisha vizuri. Niliwafundisha mpira, robo mzunguko, kulanti, kukagua mkanda wa feni injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako mwenyewe. Kila kitu nilichokipata kwako. Na kwa kuwa wanafunzi hawakumbuki sheria isiyo na mtu ndani yake, nikawapa mtu. Nilisema alikuwepo fundi mmoja anaitwa Shomari, hodari kabisa, lakini hakuwa na subira. Niliigiza ulivyopanda kwenye bampa. Ndiyo, mazikoni niliogopa kukuiga, lakini darasani nilikuiga miaka sita.

Wakacheka, wakashika. Wakaanza kuambiana karakana nzima: usifungue kishomari. Neno likatoka chuoni na madereva wapya, likafika Mlandizi, likafika Chalinze. Siku moja nilikuwa kituo cha mafuta nikamsikia dereva nisiyemjua akimkanya mwenzake, "We, utafungua kishomari, uje uzikwe bila sura." Mwenzake akamuuliza Shomari ni nani. Akasema, sijui, boya mmoja wa zamani. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Nilitabasamu.

Nilikuja kwenye arobaini yako. Mwanangu alinipitisha Mlandizi na Mzenga, barabara mbovu, nikafika nimechoka kama aliyetembea kwa miguu. Sitaki kukudanganya kwamba nilikuja kuungama. Nilikuja nikiwa na nia nusu, kama nati zako za siku ya ngoma. Mama Zuhura, mkeo, alinipokea mlangoni, akaniambia mbele ya watu, "Mtani, kuzika hukuzika, umesubiri siku ya pilau." Nikamjibu nilisikia wamechinja ng'ombe, na ng'ombe wote duniani ni wa Wasukuma, nimekuja kuhesabu wangu. Wakacheka. Ilikuwa rahisi. Nilikaa kwenye mkeka nikaona naweza kula, kuitikia dua, na kurudi Kibaha nikiwa mtani mzuri.

Baada ya hitma mkeo akaja kukaa karibu nami. Akaanza kukuzungumza, bila nia yoyote mbaya. Akasema tangu ajali ulikuwa mtu wa kurudiwa maneno. Akikuambia chakula tayari, ulimuuliza mara mbili. Watu wa kijiji walikuletea pikipiki zao na mashine ya kukoboa mpunga, uwasikilizie tu, ukakataa. Ulisema masikio yako si ya kuaminiwa, yaliwahi kukuponza. Alikupeleka kupimwa Kisarawe mjini, mganga akasema masikio mazima kabisa. Hukumwamini mganga. "Alikuwa akikuamini wewe," mkeo akaniambia. "Alisema, kama mtani hakusema, basi hakusema."

Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba nililisema. Nikasema masikio yako yalikuwa mazima. Neno lilitoka kinywani mwangu, na niliyekuunguza ni mimi.

Unajua walifanya nini? Walicheka. Mkeo alinipiga kofi dogo la bega. Wanawake waliokuwa wakikusanya sahani wakasema huyu ndiye mtani hasa, amengoja watu washibe ndipo anaanza vituko. Na mmoja akaniambia, haya, ukamatwe basi, tukufunge kamba. Miaka yote ya utani wetu ilinigeuka pale kwenye mkeka. Nilikuwa nimesema ukweli, na kila aliyeusikia alifurahi.

Zuhura hakucheka. Mwanao alikuwa amesimama na birika la maji ya kunawa. Alilitua chini. Akasema, "Mzee Masanja, rudia. Useme kama mtu asiye mtani wetu."

Nikarudia. Simu, mikono kichwani, "poa bosi," daftari, wodi. Nilimweleza pia chuo. Wakati nasema, mama yake alijitanda kanga yake vizuri, akainuka, akaingia ndani akafunga mlango. Mpaka leo hajaniambia neno.

Zuhura alinitoa nje nyuma ya nyumba, kwenye mihogo yako. Unajua anaendesha lori la makontena sasa, anatoka bandari kavu ya Kwala. Najua ulimwonea fahari. Alinieleza kwamba alipokuwa akijifunza magari makubwa, mwalimu wao aliwaambia wasifungue kishomari, na darasa zima likacheka. Yeye alikuwa mwanamke peke yake mle ndani na hakutaka ajulikane ni mtoto wa nani.

"Nilicheka, mzee," akasema. "Nilimcheka baba yangu, halafu nikaja nyumbani nikamnawisha uso."

Nilianza kumwomba radhi. Akaniinulia kiganja. Akasema radhi nikaombe kwa Mungu na kwa mwenyewe nitakapomkuta. Yeye alichotaka ni kitu kimoja: jina la baba yake nilitoe pale nilipolitia. "Ulisema mbele za watu. Kaseme mbele za watu."

Alhamisi iliyopita alikuja kunichukua, na kichwa cha lori peke yake, bila tela. Ngazi tatu za kupandia zilinishinda. Alinisukuma kwa bega mgongoni kama gunia la mkaa, akasema nisijisumbue kuona haya. Chuoni mwalimu wa somo ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alinikaribisha kwa shikamoo nyingi, akaniwekea kiti karakanani mbele ya lori la mazoezi, akawaambia vijana kwamba huyu ndiye aliyetufundisha sisi, leo amekuja na hadithi ya kishomari yenyewe.

Nikawaambia hadithi yenyewe si ile. Nikasema Shomari ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua kuhusu mpira ule, na kwamba alifuata sheria mpaka mwisho. Nikawaeleza utaratibu wetu wa neno na mwitikio. Nikawaambia ambaye hakufuata sheria ni aliyeitunga. Mwalimu alikuwa akiangalia viatu vyake. Binti mmoja wa mbele akauliza kwa adabu, kwa hiyo babu, tusiseme tena kishomari, tusemeje? Nikasema semeni kimasanja, jina langu ni Masanja. Baadhi wakacheka, na mimi nikapata unafuu, Mungu anisamehe. Nilidhani nimemaliza. Nilianza kutafuta fimbo yangu.

Ndipo mwingine akanyoosha mkono, mtu mzima kidogo, dereva aliyekuja kuongeza daraja la leseni. Akasema, "Babu, samahani. Umesema wa mfunikoni huitikia 'Naam' kabla hajafungua. Yeye hakuitikia?"

Shomari, ukirudi nyuma katika barua hii utaona nimeandika "ukafungua." Nimeruka. Niliruka kwenye daftari la ajali, niliruka wodini, nikaruka kwenye arobaini yako mbele ya mkeo, na sasa nimekuruka wewe mwenyewe unayejua. Uliitikia. Ulisema "Naam," kwa sauti yako ileile ya kila siku, na nilisikia. Sikio moja nililiziba lakini nilisikia. Nilijua papo hapo umesikia nini na unataka kufanya nini. Palikuwa na nafasi ya kusema "acha." Nafasi ya kuvuta pumzi moja, labda mbili, kwa maana hukuwa mtu wa haraka, ulikuwa bado unakikunja kile kitambaa vizuri mkononi. Lakini bosi mdogo alikuwa katikati ya sentensi. Niliona haya kumkatiza.

Hiyo ndiyo sababu. Nimeitafuta nyingine kwa miaka kumi na minane, ipo hiyo tu. Niliona haya kumkatiza kijana aliyekuwa akiongea.

Nikamjibu yule dereva, "Aliitikia. Nilisikia."

Hakuna aliyecheka. Binti wa mbele aliinamisha kichwa akaacha kuandika. Mimi nilimtafuta Zuhura kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na tairi la mbele, mkono juu ya bodi ya lori, na uso wake ulikuwa kama nilivyouona wako wodini, sehemu ndogo tu inaonekana. Hakuwa anajua. Nilikuwa nimempa ukweli kule kwenye mkeka na kubakiza huu.

Alinirudisha nyumbani. Alibadili gia kwa utulivu, alisimama kwenye kivuko cha watoto wa shule, aliwapisha. Nilitamani anitukane. Tulipofika getini alizunguka akanishusha ngazi moja moja, akanishikisha fimbo. Akaangalia miguu yangu.

"Alhamisi kuna darasa lingine, saa nne," akasema. "Vaa viatu, ndala zitakuangusha. Na uanzie kwenye Naam."

Kisha akaondoka.

Ndiyo maana nimekuandikia leo, nilitaka usikie kwangu, ingawa ulikuwepo. Sikuombi unisamehe. Mambo ya huko yawe kama mnavyoamini ninyi au kama tunavyoamini sisi, sidhani kama utani unavuka. Tutakutana kama watu wawili wa kawaida, na hutakuwa na sababu ya kunichekea.

Ninachoweza kukuahidi ni kidogo. Nitakwenda kila Alhamisi watakayoniita, mpaka nishindwe kuzipanda zile ngazi. Nimeandika karatasi nyingine, fupi kuliko hii, nikatia sahihi, na Zuhura anayo. Siku nisipofika ataisoma yeye, au ataichana, ni haki yake. Neno haliamriwi, huenda madereva wataendelea kusema kishomari nikiwa nimeshaoza. Lakini watakaopita darasani hapa watajua ni jina la mtu aliyesikia vizuri.

Kwaheri, Shomari wa Maneromango. Viatu nimeviweka mlangoni. Alhamisi nitasimama mbele ya lori, na kabla sijataja simu, kabla sijamtaja bosi, nitasema: aliitikia, na mimi nilisikia, na nilinyamaza.

Masanja